Timu Haihami Yenyewe: Nani Ameshika Funguo za Uwanja?

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa chama, Kwedizinga. Wengi mliokosa mliniomba niyaweke hapa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimeondoa yale mabishano ya Simba na Yanga yaliyotupotezea robo saa nzima.

Dada zangu mliokaa kule nyuma kwenye kivuli, sogeeni huku mbele, kivuli kipo cha kutosha.

Kwenye ratiba nimeandikiwa mada inaitwa "Vijana na umiliki wa mali za umma". Nikianza hivyo nusu yenu mtalala na nusu mtafungua simu. Kwa hiyo leo nitazungumza mpira. Mtaona wenyewe tunakofika.

Nianze na mama yangu. Mama alikuwa anauza machungwa. Siku ambayo Simba au Yanga inakuja kucheza Mkwakwani, alikuwa anaamka saa tisa usiku, anapakia magunia mawili kwenye Fuso, anapanda hapo hapo juu ya mzigo. Segera, Hale, Muheza, asubuhi yuko Tanga mjini. Machungwa yakiisha msimu anabeba karanga. Mpaka leo mama hajui kuotea ni nini. Alichojua ni kimoja tu: watu elfu kadhaa wakikaa juani dakika tisini, wanapata kiu. Sare zangu za shule zilitoka kwenye kiu hiyo. Daftari zangu zilitoka kwenye kiu hiyo.

Sasa msimu wa 2024/25 mama akanipigia simu. Akaniuliza, "Mwanangu, Simba wanakuja lini Tanga?" Nikamwambia, mama, Simba watacheza na Coastal kule Arusha. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Coastal imekuwa ya Arusha tangu lini?"

Ndugu zangu, hilo swali sikuweza kulijibu siku ile. Leo nimekuja kulijibu mbele yenu.

Kuna kijana hapa kabla hatujaanza aliniambia, "Kaka, tuachieni mpira wetu, msituletee siasa." Namheshimu. Lakini nataka nimuulize: hivi ukiingia Kirumba pale Mwanza, jina la uwanja linaanzaje? CCM Kirumba. Sasa siasa nimeileta mimi au niliikuta?

Tuanze hapa hapa nyumbani. Wangapi mnaikumbuka Mgambo Shooting? Haya, naona mikono. Timu ya jeshi, ya JKT Mgambo, kambi iko Kabuku, Handeni hii hii yetu. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2012. Timu ya wilaya yetu ikacheza na Simba, ikacheza na Yanga, ikacheza na Azam. Swali langu: ni nani hapa aliyeiona ikicheza nyumbani Handeni mechi ya Ligi Kuu? Hakuna. Nyumbani kwake palikuwa Mkwakwani, Tanga mjini, kwa sababu Handeni haikuwa na uwanja wa kiwango hicho. Kijana wa Kabuku alipanda gari kwenda kuangalia timu ya Kabuku "ikiwa nyumbani". Msimu wa 2015/16 mkoa wetu ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo Shooting. Zote tatu zikashuka kwa mpigo. Coastal ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Mgambo sisi watoto wa Handeni tuliisikia redioni, ikapanda na ikashuka, na wengi wetu hatukuwahi kuigusa.

Hilo ni la kwanza. Timu inaweza kuwa yako kwa jina na isiwe yako kwa miguu.

La pili ndilo la mama. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, timu iliyoanzishwa 1948, bingwa wa nchi hii mwaka 1988. Msimu wa 2023/24 ikamaliza nafasi ya nne, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mkoa mzima tulifurahi. Halafu nini kikatokea? Mechi ya kimataifa ya "nyumbani" dhidi ya Bravos do Maquis ya Angola ikachezwa Azam Complex, Chamazi, Dar es Salaam. Tukaja kwenye ligi. Tarehe 26 Oktoba 2024, Coastal na Yanga: Sheikh Amri Abeid, Arusha. Tarehe 1 Machi 2025, Coastal na Simba: Arusha tena. Zile mechi mbili ambazo muuza machungwa, mwenye bodaboda, mama ntilie na mwenye gesti wa Tanga anazisubiri mwaka mzima, zote zimekwenda zaidi ya kilomita 400 kutoka Mkwakwani.

Hebu tupige hesabu ya kijana wa Korogwe. Kwenda Tanga mjini ni karibu kilomita 100. Unaondoka asubuhi, unaangalia mechi, unakula mihogo, usiku uko kwenu. Kwenda Arusha ni zaidi ya kilomita 300: Mombo, Same, Moshi, ndiyo ufike. Nauli, kiingilio, chakula, pa kulala. Hiyo si mechi tena, hiyo ni harusi ya ndugu. Matokeo yake unakwenda kibanda umiza, unalipa hela yako, unaiangalia timu ya mkoa wako kwenye skrini kama unavyoiangalia Arsenal. Timu yako imekuwa ya kigeni bila kutoka nchini.

Na wachezaji nao? Mnajua faida ya nyumbani ni nini. Ni ile kelele, ni kumjua kila kona inakodunda vibaya, ni kulala kitandani kwako. Coastal msimu ule ilikuwa mgeni kwake na mgeni kwa watu.

Sasa mtu ataniambia, "Kaka, Mkwakwani ulihitaji matengenezo. Ulitaka wachezaji wavunjike miguu?" Hapana. Sitaki. Na tuwe wakweli, tusiwe watu wa kulalamika tu. TFF na Bodi ya Ligi wana haki ya kusema uwanja huu haufai. CAF ina haki ya kusema bila vyumba vya kubadilishia nguo, bila eneo la kuchezea lililo sawa, hakuna mechi. Kiwango ni kiwango. Swali langu siyo kwa nini uwanja ulifungwa. Swali langu ni kwa nini ulifika mahali pa kufungwa, na nani anawajibika, na nani alilipa gharama. Aliyelipa ni mama mwenye karanga.

Nawapeleka Dar es Salaam kidogo. Mwaka 2023 Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifungwa kwa ukarabati. Ule uwanja ulifunguliwa 2007, uko Temeke, katikati ya watu, unaingiza watu 60,000. Simba na Yanga wakahamishia mechi zao za kawaida Chamazi, pembezoni mwa jiji. Baadaye Simba wakaenda KMC Complex, Mwenge, na Yanga nao wakafuata. Chamazi inaingiza watu kama 10,000. Toa hapo: kwenye mechi ambayo Mkapa ungejaa, watu 50,000 wamebaki nje. Na nani anabaki nje? Mwenye gari haachwi. Anaachwa yule anayetegemea daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, halafu aunganishe nyingine, na mechi ikiisha usiku aanze kujiuliza atarudije Tandale au Kimara.

Lakini hapo hapo nataka kutenda haki. Uwanja wa Chamazi uliwekwa na mwenye timu kwa fedha zake, kwa ajili ya timu yake, na unatunzwa. Nyasi zinaonekana, taa zinawaka. Sina ugomvi na mtu aliyejenga nyumba yake nzuri. Ninachoshangaa ni kwamba klabu mbili kubwa kuliko zote nchini, zenye umri wa karibu miaka 90, zikifungiwa mlango mmoja wa Serikali zinakwenda kuomba hifadhi kwa jirani. Wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Mnaijua Ihefu? Timu ya Mbarali, Mbeya, kule Ubaruku kwenye mpunga. Uwanja wao Highland Estates, uwanja wa shambani kabisa. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikwenda pale ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ihefu ikaifunga 2-1. Shambani! Oktoba 2023 Yanga ikarudi, ikafungwa tena 2-1. Nchi nzima ikajua Ubaruku iko wapi.

Miezi michache baadaye, katikati ya msimu ule ule wa 2023/24, timu ikahamia Singida. Msimu uliofuata hata jina likaondoka, ikaitwa Singida Black Stars. Nawapongeza watu wa Singida, wana haki ya kuwa na timu kama sisi. Hata wao walikuwa wametoka kuumia: Singida Fountain Gate ilikuwa imewatoka, ikaenda Mwanza, halafu ikaishia Babati. Kwa hiyo mji mmoja unanyang'anywa timu, nao unapewa ya mji mwingine. Ni kama mtu ameibiwa baiskeli halafu akaletewa ya jirani yake.

Lakini jiulizeni, yule mtoto wa Ubaruku aliyekaa juu ya mti siku Yanga inafungwa, amekosa nini? Aliamka siku moja timu haipo. Hakuitwa kikao. Hakuna aliyemuuliza. Jezi yake ya Ihefu sasa ni nguo ya kulimia.

Sasa nakuja kwenye jibu la swali la mama.

Timu haihami yenyewe. Timu huhamishwa. Na anayeweza kuihamisha ni mmoja kati ya wawili: mwenye funguo za uwanja, au mwenye hati ya timu. Wa kwanza akiuacha uwanja uoze, timu inafukuzwa na nyasi. Wa pili akiamua biashara iko kwingine, timu inafukuzwa na kalamu. Sisi tunaoimba, tunaolipa kiingilio, tunaopigana kijiweni mpaka tunakosana na mashemeji, hatuna funguo na hatuna hati.

Tuchukue funguo kwanza. Mkwakwani ni wa CCM. Sheikh Amri Abeid ni wa CCM. Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Majimaji Songea: CCM. Yaani Coastal ilipotoka Tanga kwenda Arusha ilitoka chumba kimoja cha mwenye nyumba ikaingia chumba kingine cha mwenye nyumba yule yule!

Imekuwaje? Nchi hii tangu 1965 ilikuwa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1977 TANU na ASP vikaungana ikazaliwa CCM. Wakati ule chama na Serikali mstari wa kuvitenganisha ulikuwa mwembamba kuliko uzi. Kila mtu alikuwa wa chama hicho kwa sababu hakukuwa na kingine. Waulizeni wazee wa mikoa hiyo; wengi wanasimulia michango, wanasimulia siku za kujitolea, mchanga na mawe. Mtu alichangia kama Mtanzania. Ikafika tarehe 1 Julai 1992, vyama vingi vikarudi. Siku ile Watanzania wakagawanyika kwenye vyama, na hiyo ni haki yao. Lakini viwanja havikugawanyika. Vilibaki kwa mmoja.

Sasa mimi siyo mwanachama wa chama hicho. Uwanja wa mkoa wangu ukiwa na choo kibovu, naenda kumuuliza nani? Nina haki gani ya kuomba kuona mapato ya mlangoni yamekwenda wapi? Sina. Ataniambia, "Wewe si mwanachama, inakuhusu nini?" Na kwa sheria ya mali, atakuwa sahihi. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Siyo chuki. Ni kwamba mlango wa kuuliza haupo.

Na siku fedha za kodi zikitumika kuukarabati uwanja wa namna hiyo, tuulize swali moja dogo tu: baada ya kukarabati, hati itaandikwa jina la nani? Huwezi kuwaomba wanakijiji wakuezekee nyumba halafu kodi ukusanye peke yako.

Mzee mmoja aliyekaa hapa mbele alininong'oneza wakati wa chai, nikamwomba ruhusa niliseme. Aliniambia, "Mwanangu, hata ukirudishwa halmashauri, nani atafagia? Umeona vyoo vya masoko?" Watu wakacheka, lakini ni swali zito kuliko hotuba yangu yote. Ni kweli. Kubadilisha jina kwenye hati hakuotesha nyasi. Halmashauri nazo zina uchafu wake.

Jibu langu ni hili, mzee wangu. Choo cha soko kikiwa kibovu, diwani unamjua kwa jina na nyumba yake unaijua. Unaweza kumbana kwenye mkutano. Anaweza kuhojiwa kwenye baraza la madiwani. CAG anapita kila mwaka kukagua hesabu za halmashauri na taarifa inakwenda bungeni. Mlango upo hata kama unafunguka kwa shida. Mimi nataka uwanja uwekwe mahali penye mlango, halafu kazi ya kuusukuma mlango ni yetu.

Na nisieleweke vibaya. Sisemi viwanja hivi vichukuliwe vipewe chama chetu. Tukishika dola halafu mkaona uwanja umeandikwa jina la chama chetu, njooni mnizomee mimi wa kwanza. Hatuko hapa kubadilisha mwenye nyumba. Tunataka wapangaji wawe wenye nyumba.

Msidhani haya ni ya Tanzania tu. Uingereza kulikuwa na timu inaitwa Wimbledon, ya kusini mwa London. Mwaka 2002 wenye timu wakaruhusiwa kuihamishia Milton Keynes, mji wa mbali kidogo, karibu kilomita 90. Mashabiki walipinga, hawakusikilizwa. Unajua walifanya nini? Hawakuchoma viti. Mwaka huo huo walianzisha timu yao, AFC Wimbledon, wakaita vijana wafanyiwe majaribio kwenye uwanja wa wazi, wakaanzia madaraja ya chini kabisa. Timu ni ya mashabiki wenyewe. Mwaka 2011 walifika ligi ya kulipwa. Mwaka 2020 wakarudi kucheza mtaa ule ule walikotoka. Miaka 18! Sisi tukikosa matokeo kwa miezi sita tunasema chama kimekufa.

Na Marekani, tena mji mkuu wenyewe, Washington. Desemba 2023 tajiri mwenye timu ya kikapu na timu ya mpira wa magongo wa barafuni alitangaza anazihamisha kutoka katikati ya jiji, anavuka mto kwenda kitongoji cha jimbo la Virginia, ajengewe ukumbi mpya na fedha za umma zichangie. Wenye migahawa na maduka ya mtaa ule walijua maana yake, kama mama yangu alivyojua. Gavana alikuwa upande wa tajiri. Lakini bunge la jimbo lile likagoma kupitisha fedha. Likauliza maswali: faida ni ya nani, deni ni la nani? Kufikia Machi 2024 mpango ulikuwa umekufa, timu zikabaki mjini, na jiji likaahidi dola milioni 515 kuukarabati ukumbi uliopo. Nazo ni hela za umma, na huko nako watu wanabishana kama ni nyingi mno. Lakini wanabishana hadharani, wakiwa na tarakimu mkononi. Ndiyo maana tunapigania kuwa na wabunge wanaouliza. Bunge la kupiga makofi haliwezi kuokoa hata kiwanja cha chandimu.

Na haya yanatuhusu sasa hivi, kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Arusha unajengwa uwanja mpya wa watu 30,000, kule Olmoti, nje kidogo ya mji. Kujenga pembezoni siyo dhambi. Ardhi iko huko, na mji unakua. Ila pembezoni bila daladala, bila taa barabarani, bila eneo la wachuuzi, ni uwanja wa wenye magari. Maswali ya kuuliza ni yale yale: mwananchi wa kawaida anafikaje, anarudije, na anayeuza karanga atakaa wapi?

Kwa hiyo tunadai nini? Nimeandika matatu tu, ili yashikike kichwani.

Moja. Viwanja vyote vilivyopatikana kabla ya 1992, enzi ya chama kimoja, virejeshwe kwa umma. Kila uwanja uwe na bodi yenye watu wa halmashauri, wa klabu zinazoutumia, wa mashabiki na wa wachuuzi. Mapato ya kila mechi yabandikwe ukutani pale pale getini. Karatasi moja tu, yenye kiasi kilichoingia na kilichotoka.

Mbili. Kanuni za ligi ziseme wazi kwamba timu haihamishwi mkoa wala kubadilishwa jina katikati ya msimu, na hata msimu ukiisha, watu wa pale wasikilizwe kwanza. Simba na Yanga wanachama wana neno kwa sababu ya ule utaratibu wa asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa wawekezaji. Kwa nini mtoto wa Ubaruku awe na sifuri?

Tatu. Kila wilaya iwe na uwanja mmoja wa umma wenye kiwango. Siyo wa watu 60,000. Wa watu 3,000, wenye uzio, maji, vyoo na nyasi. Siku Handeni au Korogwe ikipandisha timu, isilazimike kuhamia mjini kama Mgambo.

Najua mtasema hayo ni makubwa, ni ya Dodoma. Sawa. Basi namalizia na dogo la hapa hapa.

Kijiji nilichokulia, sitakitaja, kilikuwa na kiwanja katikati, karibu na mwembe mkubwa. Tulicheza pale kila jioni, wazee wanakaa mwembeni, akina mama wanauza maandazi. Siku moja tukakuta vigingi. Tukaambiwa kiwanja kimehamishiwa kule nyuma, karibu na korongo. Kule nyuma palikuwa na mteremko. Ukipiga mpira kwa nguvu unaufuata bondeni. Wazee hawakuja tena kuangalia, ni mbali. Maandazi hayakuuzika. Ndani ya mwaka mmoja timu ikafa. Nilipokua mkubwa niliuliza, hivi nani aliamua? Kila mtu ananiambia, "Tulisikia tu." Tulisikia tu! Ndugu zangu, haya maneno mawili ndiyo yanayoiua nchi hii.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unapita kwenye mkutano huo. Siyo mezani kwa mtu mmoja. Kwa hiyo kazi ya nyumbani ninayowapa ni hii. Kila mmoja wenu aende kwenye kijiji chake aulize maswali matatu: Kiwanja chetu kimepimwa? Kimo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kama kiwanja cha michezo? Muhtasari wa kikao uko wapi? Nendeni kwa adabu, shikamoo kwanza, kadi ya chama iacheni mfukoni. Nendeni na wale wa chama kile kingine pia. Mpira wanacheza wote, na mguu ukivunjika korongoni haulizwi kadi.

Kama kimo, vizuri. Kama hakimo, mkutano unaofuata simameni mkiomba kiingizwe, na hakikisheni limeandikwa. Tukishindwa kulinda kiwanja cha magoli ya miti, tutaweza vipi kuidai Mkwakwani?

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mimi naongeza: nyasi zikiumia, na anayeuza karanga pembeni ya nyasi anaumia.

Baada ya kuandaa maneno haya nilimpigia mama. Nikamwambia nimepata jibu la lile swali lako. Coastal haijawahi kuwa ya Arusha. Ila na ya kwetu bado hatujaiandikisha. Akacheka. Akasema, "Basi kaiandikisheni, mimi magunia ninayo."

Vijana wenzangu, mama anasubiri.